Roho Imefungana

Soko la Birere, mjini Goma, lilikuwa limefurika siku Viateur, dereva wa lori la kahawa, alipoegemea meza ya cherehani ya Kahambu akashika kifua. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi likapigika. Kahambu alidhani anatongozwa.

“Papa, meza yangu si ukuta. Unashonesha ao unapita?”

“Acha nipumue, mama. Uzuri wako umenikata pumzi.”

Uongo mtupu, lakini mtamu. Tangu hapo, kila lori liliporudi kutoka Rutshuru lilimkuta Kahambu amejifunga kikwembe chake cha manjano. Wakapendana waziwazi, hata posa ikaanza kutajwa. Kisha Viateur akaenda kwa daktari Mzungu, akarudi amenywea.

“Kahambu, tuache kwanza mambo ya ndoa. Roho yangu imefungana.”

Imefungana! Huko Goma roho ni moyo wa kifuani, na roho hiyo hiyo ndiyo mapenzi. Kahambu akashika la pili.

“Basi peleka kwa yule mwenye ufunguo! Toka hapa!”

Akatoka kweli, bila neno, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Siku kadhaa Kahambu alishona upogo na kufumua, mpaka Habarurema, dereva mwenzake na Viateur, alipopita.

“Mama, unafukuza mugonjwa? Ni mishipa ya damu imeziba, ile ya roho yenyewe!”

Kahambu alitaka kulia, akaona heri akasirike upya. Akaenda moja kwa moja hadi mtaa wa Murara, akamkuta Viateur mlangoni kwake.

“Kwa nini hukusema mushipa?”

“Ulinipa nafasi?”

Viateur akamweleza. Ulaya madaktari walikuwa wakipasua kifua na kufunga mshipa mmoja, ili damu itafute njia nyingine ya kuufikia moyo. Tajiri wake, mwenye shamba la kahawa, alikuwa tayari kumpeleka kwa ndege, ila daktari hakujua kama upasuaji huo unasaidia. Ama abaki, aache sigara na kubeba magunia, na kifua kikibana aweke kidonge chini ya ulimi. Kidonge hakizibui, kinatuliza tu.

“Nataka wanipasue,” akasema Viateur. “Nirudi muzima ao nisirudi. Sitaki kukuachia ujane.”

“Kichwa ngumu wewe! Mishipa imeziba, na wao wanafunga mwingine?”

“Munganga Muzungu ndiye anajua.”

“Yeye mwenyewe anasema hajui!”

Walibishana hadi jasho likamtoka Viateur, midomo ikapauka, akashika kifua. Kahambu akampekua mfukoni, akapata kidonge, akakitia chini ya ulimi wake. Akamshika mkono. Aliogopa mno hata hasira ikamtoka. Polepole pumzi ikarudi.

“Bon,” Viateur akanong'ona. “Chagua wewe.”

“Mimi nani nikuchagulie? Umenioa?”

“Nikikuoa, utachagua nini?”

“Kidonge. Hata ikiwa ni mwaka moja tu, niishi na wewe, si na habari zako za Ulaya.”

Viateur akatoa sigara zake mfukoni, akazitupa njiani.

“Basi nabaki. Habarurema atapeleka ng'ombe wa mahari kwa papa yako, Butembo.”

“Kwetu Wanande ni mbuzi, wewe! Mbuzi!” Kahambu akasema, machozi yakimtiririka. “Na nisikusikie umezipakia mwenyewe kwenye lori!”