Kilichokaa Ndani ya Giaboksi

Wangechi alipoweka kiganja juu ya injini asubuhi ile, aliikuta ina joto. Halikuwa joto la jua, maana mtaa mzima wa Skuta ulikuwa bado ndani ya ukungu na nyasi za uani zilimlowesha hadi magotini. Injini ilikuwa imelala juu ya matairi makuukuu, imeshikana na giaboksi yake, haijaunganishwa na kitu chochote. Hata hivyo ilikuwa na joto kama tumbo la ng'ombe.

"Baba Shiro," alimwita mumewe, "uliwasha hii kitu?"

Mathenge alicheka. "Niiwashe na nini, na betri iko kwa nyumba? Wacha kunitisha. Nipatie spana ya kumi na tisa."

Mathenge alikuwa na lori la kubebea kahawa na kabichi kutoka Gakindu. Injini yake ya zamani ilikuwa imekufa kwenye mlima wa Kiriaini, na giaboksi nayo ilikuwa ikisaga meno kwa miezi. Basi alinunua hizi mbili kwa wauza vyuma chakavu, zimetolewa kwenye lori lililopinduka huko pwani, akaapa atazifunga mwenyewe nyumbani. Wangechi alikuwa msaidizi wake tangu waoane. Alijua kila spana kwa kuipapasa tu. Ni yeye aliyevuta mnyororo walipong'oa injini ya kwanza, ikaning'inia kwenye milingoti mitatu ya mkaratusi kama mzoga buchani, na kazi ile ilienda vizuri.

Hii ya pili ndiyo ilimchefua. Ilinuka nyama iliyosahauliwa ndani ya sufuria yenye kifuniko. Waliiosha kwa dizeli, wakaisugua kwa sabuni, lakini harufu ilirudi matambara yakiwa bado mikononi mwao. Halafu kulikuwa na nzi. Katika baridi ile, nzi walijaa juu ya giaboksi, wakaingia mmoja mmoja kwenye tundu la kutilia oili. Wangechi aliwatazama kwa muda mrefu. Hakuona hata mmoja akitoka.

Adhuhuri waliinyanyua. Mathenge alilala chali chini ya lori ili aongoze boliti kwenye matundu yake, na Wangechi akawa anashusha mnyororo polepole. Ghafla tone la oili likadondoka kutoka kwenye giaboksi, likaangukia mdomoni mwa Mathenge. Lilikuwa zito, na ndani yake mlikuwa na unywele mrefu. Wangechi alingoja ateme. Badala yake aliona koo lake likipanda na kushuka.

"Mbona haujatema?"

"Nimetema," alisema Mathenge, akapitisha ulimi kwenye midomo.

Lori liliwaka mara ya kwanza. Lilinguruma vizuri kuliko siku lilipokuwa jipya, na jirani yao Njoki akaja kuwapongeza. Lakini usiku huo Mathenge aliisukuma sahani ya githeri, na kesho yake vilevile. Alisema chakula kinanuka. Mashavu yake yalianza kubonyea, huku tumbo likijaa, na kila alipomsogelea mkewe alimpulizia pumzi ya ile sufuria yenye kifuniko. Wangechi akaanza kulala amefunika pua kwa leso. Aliona aibu, lakini hakuweza kufanya vinginevyo.

Jumapili alirudi kutoka kanisani akasikia sauti uani, sauti ndogo ya kufyonza, yenye mapovu, kama ya ndama aliyefunguliwa akamkimbilia mama yake. Alizunguka lori taratibu, kitambaa cha kwaya kingali kichwani, akainama, akamwona mumewe amelala chali chini ya giaboksi, nati ya kumwagia oili imefunguliwa, mdomo wake umebandikwa kwenye tundu lile, macho yamefumbwa kwa raha, na oili nyeusi yenye vipande vipande kama ngozi ya maziwa ikimtiririka shingoni, ikiingia masikioni, nao nzi wakitembea kwenye meno yake bila yeye kuwafukuza.

"Baba Shiro!"

Mathenge hakufumbua macho. "Usinisumbue, mwanamke," alisema. "Nimesafiri mbali na nimeshinda na njaa. Niache ninyonye."

Wangechi alirudi nyuma akatapika kwenye sukuma wiki. Matapishi hayakumtisha kama yale maneno. Mathenge alizaliwa Mukurweini. Maisha yake yote alisema "kitabu yangu" na "lori hii yangu". Kiswahili kile laini, kilichonyooka kama cha watu wa bahari, hakikuwa chake.

Hakumwambia mchungaji. Alishuka Majengo kwa Abdulkadir, mzee aliyeshona viti vya magari na kufundisha watoto Kurani jioni. Watu walisema kwa sauti ya chini kwamba anajua mambo ya majini.

"Mwalimu, mimi ni mtu wa kanisa," alianza, akalia.

"Lia kwanza, mama. Halafu uniambie hii harufu uliyokuja nayo ni ya nini."

Alimweleza yote. Mzee alisikiliza sindano ikiwa imesimama mkononi.

"Kuna majini wanapenda manukato, na kuna wengine wanakaa kwa uoza. Huyo wako ni wa uoza. Mahali pakiwa safi hawezi kukaa. Nitakuja nisome. Lakini kuosha lazima aoshe mtu wa ile nyumba, kwa mkono wake mwenyewe. Utaweza?"

"Sijui," alisema Wangechi, kwa kuwa hakujua.

Kesho yake mchana Abdulkadir alimketisha Mathenge kwenye stuli, akaweka mkono juu ya kichwa chake na kuanza kusoma. Mathenge alilegea kama nguo iliyolowa. Wangechi akaingia chini ya lori peke yake. Alifungua boliti, akakaza mnyororo, akaishusha giaboksi hadi chini, akaivuta nje. Kisha akafungua kifuniko.

Gia hazikuonekana. Zilikuwa zimevikwa kitu cha kijivu chenye vinundu, kama matumbo ya mbuzi ambayo hayajaoshwa, kimeota nywele, na katikati ya nywele kucha za watu, na kilikuwa kinapumua. Aliingiza mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko. Kilikuwa vuguvugu. Kikamshika vidole, kikavifyonza kimoja kimoja.

"Dada," kinywa cha Mathenge kilisema kutoka kwenye stuli, kwa upole, "kuna ubaya gani? Yule dereva wa lori la pwani aliniweka miaka mingi. Nikamla yeye tu, wengine sikuwagusa. Nawe nitakupunguzia kazi. Lori halitakufa tena."

"Usimjibu," Abdulkadir alinong'ona. "Vuta."

Wangechi alivuta, matapishi yakimjia kifuani na kummwagikia gauni, naye hakuachilia, akavuta huku akilia na kumtaja Yesu, na mzee akisoma kwa sauti ya juu zaidi, na kile kitu kikajinyoosha, kikajibana, kikamlamba hadi kwapani, mpaka kikachomoka chote kwa mkupuo, kizito na chenye utelezi kama kondo la nyuma la ng'ombe, kikaanguka kwenye karai la dizeli, naye akakiwashia kiberiti kabla hakijajikunja. Kililia kama mtoto mchanga. Kisha kikawa moshi mweusi, na majivu ya kutosha kijiko.

Mathenge alianguka kutoka kwenye stuli akatapika, na alichotapika Wangechi hakukitazama. Alichemsha maji, akasugua gia moja moja kwa brashi na sabuni hadi zikang'aa. Abdulkadir aliinusa giaboksi, akatikisa kichwa kukubali. "Ameenda," alisema.

Mathenge alilala siku nzima. Alipoamka alikuwa mwembamba, mwenye haya, na sauti yake ilikuwa yake.

"Mama Shiro, nilikuwa mgonjwa sana?"

"Sana."

"Nilikuwa nakula nini hizo siku zote?"

Wangechi alikunja blanketi miguuni pake. "Uji," alisema.

"Na nani alikuwa ananipatia?"

"Ni mimi."

Machozi yalimjaa Mathenge. Aliushika mkono wa kulia wa mkewe, akauleta mdomoni, akaubusu kidole baada ya kidole. Wangechi alimwachia. Ila aligeuza uso ukutani, akabana pumzi, asije mumewe akaona jinsi alivyokaza midomo.