Kaa wa Gando Moja

Asubuhi ile nilikuwa nimebeba chupa ya mafuta ya taa, namfuata dada yangu Mwanasha na sinia lake la mahamri, tukipita Mtaa wa Santuri hapa Msambweni. Mtaa wenyewe ni mfupi: hoteli mbili za chai zenye santuri zinazoshindana kelele, ukumbi wa taarabu, na ukuta mweupe wa kuonyeshea sinema. Lakini kwetu hapo ndipo mjini. Watu wa Ukunda wakijisifu tunawauliza, "Nyinyi mna nini? Sisi tuna mtaa."

Na sasa tulikuwa tukitengenezewa kaa. Kaa wa mabati ya mapipa, mkubwa kuliko gari, akae njia panda kabla ya sikukuu ya Madaraka, ya pili tangu uhuru. Gando lake la kwanza lilikuwa limelazwa kando ya njia. Mwanasha aligeuza shingo kusikiliza santuri, gando likamnasa buibui.

"We fundi," alisema, "kaa wako amenishika."

Fundi akatoka chini ya tumbo la kaa. Nzai wa Kikoneni, kaptula ya kaki, masizi puani.

"Huyu hashiki kila mtu," alisema. "Ana uchaguzi."

"Basi mwambie aniachie, mahamri yanapoa."

"Mwambie mwenyewe. Mimi hanisikii."

Alilinasua buibui taratibu, uzi kwa uzi, bila kulipasua. Mahamri yalipoa, na Mwanasha hakulalamika tena.

Ikawa kila asubuhi lazima tupite pale, hata siku ambazo hatukutumwa kitu. Nzai alimwita "mateka wangu". Mwanasha alimwita "bwana Mabati". Kabla kaa hajapata macho, ilishajulikana kwamba baba yake Nzai atakuja kuposa baada ya Idd ya kuchinja.

Siku ya pili ya Idd, alasiri, kulikuwa na taarabu ukumbini. Mwanasha alivaa gauni la zambarau na asumini kichwani. Wanawake tulikaa upande wetu, wanaume upande wao. Mwimbaji akafika hapa:

*Tunda nililolichuma, kumbe lina dudu ndani,*
*nimekwisha kulitema, nalitupa jalalani.*

Nzai akainuka, kanzu mpya bado ina mikunjo ya dukani. Akaenda mbele anacheka, akamtuza mwimbaji shilingi.

Kwetu ukiinuka kutuza kwenye ubeti, umeuchukua uwe wako, na watu hutazama umemkusudia nani. Ukumbi mzima ulimgeukia Mwanasha. Mama mmoja alisema, "Pole mwanangu," kwa sauti ya kusikika mpaka upande wa pili.

Mwanasha akatoka. Nzai akamkuta mlangoni.

"Mateka wangu, waenda wapi na taarabu ndiyo inakolea?"

"Mimi ni tunda lenye dudu?"

"Tunda gani?"

"Umenitupa mbele ya Msambweni nzima, halafu waniuliza tunda gani. Usinijue, Nzai. Na baba yako asijisumbue kuja."

Watu walisikia.

Kesho yake nilipoenda shule nilimkuta anafunga vyombo vyake vya kazi.

"Kwetu Kikoneni," aliniambia, "ukipendezwa na ngoma unampa aliye mbele. Maneno ni yake mwenyewe. Mimi nilipenda ile fidla. Leo ndiyo nimeelezwa nilichofanya."

"Nimwambie?"

"Mwambie. Lakini alinikataa mbele za watu, mdogo wangu, siwezi kupiga hodi tena. Akinitaka, ataniita. Kuna kazi hotelini Galu, naenda huko."

Nilimwambia dada kabla sijaweka mkoba chini. Alikuwa anakuna nazi. Alikuna mpaka akafika kwenye kifuu.

Kaa akabaki na gando moja. Watu wa Ukunda walikuja makusudi. "Mwenzenu alipoteza mkono kwenye vita gani?" Mzee Mwero, mwenye ukumbi na aliyeagiza kaa, akasema ataleta fundi kutoka Waa. Mwanasha akaenda kwake.

"Shikamoo mzee. Naomba usimlete mwingine."

"Marahaba. Si wewe uliyemfukuza huyu?"

"Ni mimi. Na ni mimi nitakayemwita."

"Mpaka Madaraka, basi. Nikichekwa siku hiyo, nitakutaja jina."

Tukaenda posta kupiga simu Galu. Akapokea kijana wa bara.

"Nzai ako kazini, dada. Niachie maneno, nitampea."

"Mwambie kaa bado amenishika."

"Nani amekushika?"

"Kaa."

"Dada, uko sawa kweli? Uko na mtu hapo karibu?"

"Niko sawa. Mwambie hivyo hivyo. Kaa bado amenishika, na simtaki mwingine aje kuninasua. Niko Msambweni, posta wananijua."

"Haya. Nitampea."

Hiyo ilikuwa Jumatatu ya wiki iliyopita. Madaraka ni kesho. Leo asubuhi Mzee Mwero amefunga bendera kwenye lile gando moja, na Mwanasha amesimama chini yake kitambo, buibui limegusana na bati, hajalivuta. Kisha tumepita posta. Karani ametikisa kichwa kabla hatujauliza.