Machipukizi Ishirini na Jiwe la Angani

Asubuhi hiyo Tuda aliyamwagia maji magunia yaliyoegemezwa ukutani. Ndani yake mlikuwa na machipukizi ishirini ya mtende. Bassou, mumewe, aliyakata siku nne zilizopita ili ayapande. Mashimo yalikuwa tayari, na zamu yao ya maji ya mfereji ilikuwa kesho. Hata hivyo Bassou alikuwa ameketi tu, simu mkononi, chai yake ya mnanaa imepoa.

Ujumbe uliozunguka kijijini ulisema kwamba jiwe kutoka angani huenda likaigonga dunia baada ya miaka saba. Jana ulikuja mwingine: hatari imeongezeka mara mbili.

"Mtende huanza kuzaa vizuri mwaka wa sita au wa saba," Bassou alisema. "Nihangaike miaka yote hiyo, halafu nivune jiwe?"

Mama yake, Fadma, alikuwa akichambua dengu. "Huyu ndiye anayezunguka jangwani kila baada ya mavuno akitafuta mawe ya angani," alisema. "Leo moja linamtafuta yeye, anajificha."

Tuda hakucheka. Mizizi ilikuwa imeanza kukauka. Wangeikosa zamu ya kesho, wangesubiri siku kumi na mbili, na machipukizi yangekufa. Alichukua simu, akaenda kwa jirani yao Rabha, anayewafundisha kina mama kusoma msikitini.

Rabha alimwomba asome mstari wa mwisho wa ujumbe, ambao watu wengi walikuwa wameuruka. Tuda alisoma polepole, kidole juu ya maneno. Hatari ilikuwa imetoka moja kwa mia, ikafika mbili kwa mia. Rabha akamwuliza katika hizo mia zimebaki ngapi. Tuda akahesabu: tisini na nane, zote za jiwe kupita pembeni.

Walirudi pamoja. Bassou hakuridhika. Kama hatari ni ndogo, aliuliza, mbona inapanda?

"Shemeji," Rabha alisema, "mkiuona moto ukipita angani, mnalitafutaje jiwe?"

Bassou alieleza kwamba huwauliza walioona. Shahidi mmoja humpa eneo kubwa, kutoka mlimani hadi barabarani. Shahidi wa pili hulipunguza nusu.

"Na shamba lako likiwa bado ndani ya hiyo nusu?"

"Basi huenda jiwe limeangukia shambani kwangu. Naanza kuwa na tumaini."

"Jiwe limesogea?"

Bassou alitikisa kichwa. "Jiwe liko palepale. Eneo ndilo limepungua."

"Na shahidi wa tatu akisema liliangukia mlimani?"

"Shamba langu limetoka. Sina changu."

Rabha alisema kwamba wachunguzi wa anga hufanya vivyo hivyo. Wamelitazama jiwe hilo kwa wiki chache tu, kwa hiyo njia wanayoikadiria bado ni pana, na dunia ni shamba dogo ndani yake. Wakipima tena, njia hupungua. Dunia ikiwa bado ndani, hesabu hupanda. Ikitoka, hesabu huanguka karibu na sifuri, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa.

Hakuficha kwamba mbili kwa mia si sifuri. Ndiyo maana wachunguzi wanaendelea kupima. Lakini jiwe lenyewe ni dogo: linaweza kuharibu mji, si dunia. Kama lingekuwa linakuja kweli, mahali pangejulikana mapema na watu wangehama.

"Jiwe ni mbili kwa mia," alimaliza. "Hayo machipukizi yakikaa kwenye gunia, kufa kwake ni mia kwa mia."

Bassou aliyatazama magunia. Kisha akaenda kutafuta jembe.

Kesho yake maji yalipofika, walipanda yote ishirini. Mawili yalikauka. Kumi na manane yalishika.

Wiki tatu baadaye Tuda alikwenda shambani na simu. Safari hii hakusoma ujumbe wa kuzungushwa. Alisoma taarifa ya wachunguzi wenyewe. Hatari ilikuwa imeshuka chini ya moja kwa elfu kumi.

Bassou alimwomba asome tena. Kisha akashusha pumzi, akaketi kwenye ukingo wa mfereji, miguu yake imejaa tope.

"Siku ile nilipanda huku naogopa," alisema.

"Nilijua," Tuda alijibu. "Lakini ulipanda."