Jina la Mazoezi

Mama yangu hakuwa mtu wa hadithi. Ukimwomba akusimulie kitu atakuambia kaoshe vyombo. Kwa hiyo siku aliponikalisha barazani hapa hapa Ngamiani na kunieleza yaliyompata kaka yake, nilijua hana mzaha. Na nyie mnaokonyezana huko nyuma, nyamazeni kwanza. Mtacheka nikimaliza, kama mtaweza.

Mwaka wenyewe ni hamsini na nne. Mama, Bibiana jina lake, alikuwa bado msichana. Alishuka kutoka kwetu milimani Usambara kumfuata kaka yake Laurenti kwenye shamba moja la mkonge upande wa Mwera, njia ya Pangani. Mjomba Laurenti hakukata mkonge. Alikuwa mwalimu wa kwaya, na alilipwa kwa kazi hiyo. Msishangae. Wale vibarua walitoka mbali, na kilichowatisha kuliko homa ni kufa ugenini na kufukiwa kimyakimya kama mbwa. Wakaunda chama chao cha kuzikana, wakakubaliana kwamba kila mwenzao akifa aimbiwe kwa sauti nne, tena aimbiwe vizuri. Ndipo wakamwajiri mjomba.

Siku zilikwenda kwa utulivu tu. Mchana watu wakitoka shambani na korona, kile kiwanda cha kuchakata mkonge, walioga wakakusanyika kwenye banda la makuti lililokuwa kanisa lao. Mwatumu, mama mmoja mwenyeji wa Mwera, aliketi karibu na mlango na sinia lake la vitumbua. Jua lingali kali. Mjomba anapanga sauti zake, wanawake mbele, besi nyuma, mama yangu akiongoza sauti ya kwanza. Wanaimba mpaka kivuli cha banda kinafika barabarani, halafu kila mtu anakwenda kupika.

Wimbo wao mkubwa ulikuwa wa kaburini, mjomba aliutunga mwenyewe. Katikati yake jina la marehemu huitwa. Sauti ya kwanza inaliita, ya pili inalipokea, ya tatu, ya nne, kisha wote kwa pamoja. Hapo wananyamaza, na udongo ndipo unaanza kushuka. Watu walilia hata kama marehemu hawakumjua.

Sasa, mazoezini marehemu hayupo. Kwa hiyo penye jina waliguna tu, mm-mm. Lakini mwaka ule waliingia waimbaji wapya, na kila wakiguna walipotea. Sauti ya tatu inaingia kabla ya ya pili, vurugu tupu. Mjomba alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa kazi yake. Siku moja akachoka.

"Basi," akasema. "Tutatumia jina. Kuna Noa yeyote hapa kambini?"

Hakuna.

"Makwenu je? Baba, babu, mtoto?"

Wakatikisa vichwa. Mzee Abrahamu, kiongozi wa besi, mtu wa mvi kichwa kizima, akauliza taratibu, "Mwalimu, hilo jina tunampa nani?"

"Hatumpi mtu, mzee. Ni la mazoezi tu."

Wakaimba. Jina likaingia kwenye wimbo vizuri mno, kila sauti mahali pake, na mjomba akafurahi kama mtoto. Mzee Abrahamu aliimba na wenzake, ila mama aliona kwamba penye jina alifunga mdomo.

Wakaendelea hivyo msimu mzima wa vuli. Noa, Noa, kila alasiri.

Akaja mtu. Walikuwa wamemaliza kuliita jina, wako kwenye kile kimya, wakasikia hodi mlangoni. Kijana mmoja, shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka shingoni, mikono mitupu. Mzee Abrahamu ndiye aliyekuwa karibu naye. Mzee yule, ambaye kambi nzima ilimwamkia, alimtazama yule kijana akasema, "Shikamoo."

"Marahaba," yule mtu akajibu.

Hakuna aliyecheka. Mzee Abrahamu mwenyewe alijishika mdomo, kama mtu aliyetokwa na neno asilolijua.

"Naitwa Noa," mgeni akasema. "Nimesikia mnaniita."

Mjomba alijikaza. Akajiambia kuna mtu anawafanyia mzaha, wa kambi ya jirani labda. Akamuuliza ametokea wapi. Yule mtu akasema, huko huko mnakoniitia. Kisha akaenda kusimama na besi.

Aliimba vizuri kuliko wote. Hilo mama hakulificha. Lakini mjomba ni mwalimu wa kwaya, na mwalimu hutazama vifua. Alikuwa amewapangia waimbaji mahali pa kuvuta pumzi, na kila walipofika hapo vifua vyote vilipanda. Cha yule mtu hakikupanda. Aliimba tangu mwanzo hadi mwisho kwa pumzi ambayo hakuivuta. Walipofika kwenye jina alinyamaza, akatabasamu, kama mtu anayesalimiwa na jamaa zake.

Walipokuwa wakitoka, Mwatumu alimvuta mjomba kanzu. "Mwalimu," akanong'ona, "nyie wote mnanuka mkonge. Ndiyo harufu yenu, nimeizoea. Yule ananuka shimo."

Siku ya pili Mwatumu hakuleta vitumbua, na hakuonekana tena pale mlangoni.

Noa alikuja kila alasiri. Hakuna aliyejua analala wapi. Na kila mazoezi yakiisha alimkaribia mjomba na kuuliza neno moja.

"Lini?"

"Lini nini?"

"Mazishi yangu."

Mjomba akaacha kulala. Akikaa anasimama, akisimama anatoka nje, akitoka anarudi. Mwishowe akakata shauri. Akawaambia waimbaji kuanzia leo jina lile marufuku, tunarudi kuguna. Noa alisikiliza mkono ukiwa kidevuni. Hakukasirika.

"Kama mnachukua jina langu," akasema, "nipeni jingine. Siwezi kurudi mtupu."

Akapitisha macho safu kwa safu. Yakatua kwa mama yangu.

Wakaanza wimbo. Wakafika mahali pa kuguna. Sauti ya kwanza ikaguna. Ya pili ikaguna. Ya tatu. Halafu besi wakaimba, wazi kabisa, Bibiana.

Mjomba akaangusha mikono. Besi wakatazamana. Kila mmoja aliapa kwamba ameguna. Kila mmoja, na macho yamemtoka. Wakajaribu tena, na safari hii ilikuwa sauti ya tatu na ya nne.

Mama akaugua siku ile ile. Si homa. Sauti ilimkauka, akawa anaongea kwa midomo tu. Miguu ikawa baridi, ukiikanda haipati joto. Na kulala hakuweza. Akilala anahisi mdomo umejaa mchanga, anakurupuka, anatema, hakuna kitu. Akawa anazunguka chumba usiku na mchana akishika kuta. Kila alasiri, hata bila mazoezi, kila mtu nyumbani kwake, ungesikia mtu ametulia anamenya mihogo, ghafla mdomo wake unaliita jina la mama. Kisha nyumba ya pili. Kisha ya tatu. Kisha kambi nzima kwa pamoja.

Halafu kimya.

Mjomba alijua kimya kile kinangoja nini. Alikitunga mwenyewe.

Mama alipona, ndiyo maana mimi nipo hapa nawapigia kelele. Lakini sikilizeni alivyopona.

Alikuwa ameegemea dirisha. Aliwaona kaka yake na Noa wamesimama uani, jua la saa tisa limewapiga wote wawili.

"Mwache," mjomba akasema.

"Nipe jina."

"Chukua langu."

Noa alifikiri. Mama alisema hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, kwamba alifikiri kwa makini, kama mwanamke anayechagua kitambaa dukani. Kisha akakubali kwa kichwa.

Walichimba kaburi mwisho wa safu ya makaburi ya kambi. Mchungaji aliyekuwa akipita kambi kwa kambi hakuwepo. Mzee Abrahamu akauliza, kwa sauti ya chini, wanazika nini. Mjomba akasema wanazika jina, basi, wamsaidie mdogo wake. Hawakubishana naye. Walikuwa wamevisikia vinywa vyao wenyewe. Sanduku hapakuwa, sanda hapakuwa. Mama alibebwa kwenye mkeka, akaketi pembeni, hana sauti.

Mjomba akainua mikono.

Wakaimba. Noa alisimama ng'ambo ya shimo peke yake. Sauti ya kwanza ikaita, Laurenti. Ya pili ikapokea. Ya tatu. Ya nne. Wote.

Kimya.

Udongo ukaanza kushuka. Mama alitazama ng'ambo ya shimo na hapakuwa na mtu. Akahisi miguu yake inapata joto, taratibu, kuanzia vidoleni. Akamtazama kaka yake kwa furaha. Kaka yake amesimama pale pale, mikono bado juu, jasho linamtiririka, mzima wa afya.

Mzee Abrahamu alikuwa analia. Waimbaji wote walikuwa wanalia, kilio cha kweli, cha msiba. Mzee akajifuta macho, akamwendea mjomba, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Bwana, asante kwa kutusaidia kumzika," akasema. "Ulimfahamu marehemu?"

Mjomba akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka.

"Mzee, ni mimi."

"Ndiyo, bwana. Pole na wewe."

Sauti ikamrudia mama hapo hapo. Akapiga ukelele, Kaka! Akamkimbilia, akamkumbatia. Wanawake wakamshika mabega wakamtoa kwa upole. Walidhani ni uchungu wa kufiwa umempanda kichwani, anamkumbatia mtu asiyemjua. Akawaambia, huyu hapa, huyu ndiye Laurenti, mtazameni. Wakamtazama. Wakamhurumia mama. Jioni ile walimchangia nauli ya kurudi kwao kutoa taarifa ya msiba.

Mama alijieleza kwamba yeye alimjua kwa sababu hakuimba, sauti yake ilikuwa imekauka. Vizuri. Lakini bibi yangu hakuimba pia. Bibi alikuwa milimani, siku nzima ya safari. Sasa nielezeni hili.

Mama na mjomba walivuka mto kwa kivuko cha Pangani, wakapanda gari mpaka Tanga, kisha milimani. Njia nzima mjomba hakutulia. Alikuwa anajipapasa uso. Mama akamwambia, tulia kaka, ukifika kwa mama yataisha, mama aliyekuzaa hawezi kukusahau. Yeye mwenyewe aliliamini hilo. Aliliamini kabisa, na ndiyo maana hakupata kulisahau mpaka anakufa.

Wakafika. Bibi alikuwa amekaa chini, kitambaa cha msiba kichwani. Habari zilikuwa zimetangulia. Akamkumbatia mama, wakalia. Kisha akamtazama mjomba, muda mrefu, kwa heshima.

"Mwanangu," akamuuliza mama, "mgeni wako anaitwa nani?"

Mjomba akapiga magoti. Akafungua kinywa ataje jina lake. Hakulipata. Mama alimwona analitafuta, midomo inahangaika, machozi yanamwagika, na hakulipata.

Akabaki pale nyumbani. Bibi hakumfukuza mtu aliyemleta binti yake salama. Walimpa chumba cha uani, na mimi nilipozaliwa nilimkuta. Sisi watoto tulimwita Mgeni. Mpelekee Mgeni chai, mwambie Mgeni mvua inakuja. Hakukaa mahali pamoja. Alitembea uani asubuhi hadi jioni. Isipokuwa bibi akimwita. Bibi alipenda kumkalisha karibu na moto, kwa sababu alikuwa mtu wa Mwera.

"Wewe uliyekuwa naye huko," bibi angesema, "niambie. Mwanangu alikuwa anakula vizuri?"

"Alikula, mama," angejibu Mgeni.

"Alinikumbuka?"

"Kila siku."

Bibi angeridhika, angemmiminia chai. Miaka nenda miaka rudi, maswali ni hayo hayo. Amekufa hajui. Mjomba alimfuata mwaka uliofuata, tukamzika nyuma ya chumba chake.

Mimi nimekwenda Mwera. Mwaka jana, peke yangu, nikaulizia makaburi ya kambi ya zamani. Nilimkuta mzee mmoja na jembe, anajaza udongo kwenye kaburi la mwisho wa safu. Yale mengine yametulia siku nyingi, yameota nyasi. Lile limetitia katikati, urefu wa mtu mzima.

"Hili linatitia kila masika," akaniambia. "Tangu lilipochimbwa. Ni jamaa yako?"

Nikamwambia ndiyo.

"Basi mlimzika kwenye sanduku bovu," akasema. "Mbao zikioza, udongo unamshukia mtu."

Nikampokea jembe, nikamsaidia kujaza.