Sumaku Shingoni mwa Shungi

Kila asubuhi Mdadisi aliwamwagia njiwa mtama. Kazi hiyo ilikuwa ya mdogo wake, lakini maskini alikuwa kitandani, mguu umefungwa plasta, akimtazama njiwa wake Shungi kupitia dirisha.

Siku moja mwalimu wa sayansi aliwaeleza darasani kwamba dunia yenyewe ni sumaku kubwa. Njiwa huihisi sumaku hiyo, na mawingu yakificha jua, huitegemea kurudi nyumbani.

Je, njiwa akivishwa sumaku nyingine? Jina la Mdadisi hakupewa bure! Jioni alichukua kipande cha sumaku ya spika mbovu mezani kwa mama yake, fundi redio, akakibandika kwa utepe shingoni mwa Shungi. Akampeleka hadi kiwanda cha matofali, mbali na nyumbani, na kumrusha. Mawingu yalikuwa yametanda. Shungi alizunguka, akazunguka tena, kisha akashika njia isiyo ya nyumbani.

"Dada, Shungi yuko wapi?" mdogo wake aliuliza usiku.

"Paka wa jirani amemla." Maneno yalimponyoka tu.

Mdogo wake aligeukia ukutani. Chakula hakukigusa.

Kesho yake, Jumamosi, mama, aliyekuwa amesikia habari hiyo, alibeba gunia hadi kwa yule jirani, mshonaji wa nguo, akamwambia paka lazima akatupwe mbali. Mdadisi alifuata nyuma.

"Jirani, huyu ndiye anayenizuilia panya wasitafune vitambaa vya watu," mshonaji alisihi, amemkumbatia paka wake. "Una hakika ni yeye?"

"Mwanangu hasemi uongo," mama alijibu, akamchukua paka na kumtia guniani.

Mdadisi aliona aibu hadi machozi yakamtoka. "Mama, ngoja! Si paka. Ni mimi." Akasimulia yote, hakubakiza neno.

Mama alifungua gunia, akamrudishia mshonaji paka wake. "Nisamehe, jirani. Nimekukosea."

"Yameisha," alisema mshonaji, ila sauti yake ilikuwa bado nzito.

Nyumbani, Mdadisi aliungama tena mbele ya kitanda. Mdogo wake hakumgombeza. "Hapa kitandani nilikuwa na Shungi tu, dada," alisema. Mdadisi angependa apigwe kuliko kusikia hivyo.

Adhuhuri mawingu yalitawanyika, jua likawaka. Mbawa zilipiga dirishani. Shungi! Amechoka hoi, utepe bado shingoni.

"Dada, amerudi!" mgonjwa alipiga kelele.

Mama aliubandua utepe taratibu kwa kibano chake cha redio. Kisha akaiweka ile sumaku kiganjani mwa Mdadisi.

"Kuuliza maswali si kosa, mwanangu, ila usimfanyie majaribio kiumbe asiyeweza kukukatalia. Sumaku hii ilimpoteza njiwa, na uongo wako ukanipoteza mimi mama yako. Shungi alipata jua la kumwonyesha njia. Yule paka guniani, kama ungenyamaza, angeokolewa na nini?"