Mapigo Juu ya Paa la Pikapu

Hili halikunipata mimi. Lilimpata jirani yangu, fundi cherehani, ambaye uongo wake wote ni "njoo kesho, nguo iko tayari."

Alirithi pikapu kuukuu ya baba yake, akaipeleka kwa fundi wa bodi. Paa lilikuwa limebonyea mahali patatu.

"Kaka, nani alipiga hapa?"

"Sijui, fundi."

Alijua. Siku alipompeleka baba yake hospitali, mzee, akiwa nyuma kwenye godoro, aligonga paa kwa fimbo mara tatu ili wasimame. Walikuwa wamegombana asubuhi ile. Mwana akaongeza sauti ya redio. Walipofika, mzee alikuwa ameshakata roho.

Fundi alilinyoosha paa, akalipaka rangi, likawa laini kama yai. Jirani yangu akalichukua gari jioni. Njiani giza likaingia, akasikia juu ya kichwa chake: ko, ko, ko.

Ameniapia kwamba hakukusudia. Mkono ulienda wenyewe kwenye redio, ukaifungulia mpaka mwisho, hadi nyumbani.

Akashuka na tochi. Alikuwa amesikia mapigo matatu tu. Paa lilikuwa limebonyea lote, kuanzia kioo cha mbele mpaka cha nyuma, na rangi mpya haikupasuka hata mahali pamoja.