Akiba ya Mjomba Thaddeus

Je, umewahi kumwona mtu anayeogopa mwisho wa mwezi, si kwa sababu pesa zimemwishia, bali kwa sababu zimembakia? Mjomba wa Lavonne alikuwa mtu wa namna hiyo.

Lavonne alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Aliishi na mama yake na Mjomba Thaddeus katika nyumba ya mbao mjini Greenwood, Mississippi. Mjomba alizaliwa na mtindio wa ubongo. Miguu haikumbeba, alikwenda kwa kiti cha magurudumu, na maneno yalimtoka moja moja, kila moja kwa jasho lake. Hata hivyo, kila mchana alikuwa kazini, katika chumba cha kufulia cha hospitali, akikunja taulo. Alizikunja pembe juu ya pembe, hata ungedhani zimepigwa pasi.

Serikali ilimpa posho ya ulemavu kila mwezi, pamoja na kadi ya matibabu. Kadi hiyo ndiyo iliyomlipia msaidizi aliyekuja asubuhi kumwogesha na kumvisha. Lakini palikuwa na sharti. Ikifika tarehe mosi, akiba yake yote isizidi dola elfu mbili. Ikizidi, posho inakatwa, na kadi nayo huenda ikaondoka.

Basi kila mwezi ukikaribia kwisha, Mjomba na Lavonne walikwenda dukani "kupunguza." Ndiyo maana nyumba ile ilikuwa na feni nne, mablanketi ya kutosha bweni zima, na makopo ya mapichi yaliyopangwa mpaka chini ya kitanda.

"Mjomba, siku likipita tetemeko tutafukiwa na mapichi," Lavonne humtania.

"Tutakufa... tume... shiba," Mjomba hujibu, na wote wawili hucheka.

Ijumaa moja ya Februari mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mjomba akamtuma Lavonne peke yake na dola mia mbili anunue mashuka, sufuria, chochote. Lavonne alisimama mbele ya rafu akizitazama zile noti. Taulo ngapi zimekunjwa ili zipatikane? Moyo ukamkataa kabisa. Akanunua kopo moja la mapichi kwa pesa yake ya soda, zile noti akazisokomeza ndani ya soksi.

"Mashuka yataletwa Jumatatu," alisema aliporudi, akijifanya anafungua viatu.

Kesho yake mvua ilikatika. Mama alikuwa zamu, kwa hiyo Lavonne alimpeleka Mjomba kwenye maktaba ya mji, ambako watu wa kujitolea walisaidia kujaza fomu za kodi bila malipo. Mjomba hakuwahi kujaza fomu hizo. Alihofia kwamba akirudishiwa pesa, zitamvusha lile sharti la dola elfu mbili. Mwaka huu alikubali kwenda kuuliza tu.

Mezani walimkuta Bi Ernestine, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, amevaa sweta ya zambarau iliyofungwa vifungo vyote. Alikuwa kipofu. Mbele yake palikuwa na mashine ndogo yenye nukta nundu zilizopanda na kushuka chini ya vidole vyake kama mchele unaochemka. Lavonne alisahau kufunga mdomo.

"Nasoma kwa vidole, mwanangu. Usione ajabu, asije nzi akakuingia kinywani," alisema Bi Ernestine.

"Umejuaje kama nimeachama?"

"Nimefundisha miaka thelathini na minane. Sijapata kukutana na mtoto asiyeachama."

Mjomba akacheka mpaka kiti kikatikisika. Kisha Bi Ernestine akamsomea Lavonne orodha ya karatasi anazozitaka, za mshahara na za benki. Lavonne akamtajia tarakimu zilizomo, moja baada ya nyingine, na vidole vyake vikaanza kukimbia. Baadaye vikasimama.

"Bwana Thaddeus, kuna nafuu ya kodi kwa mfanyakazi mwenye kipato kidogo. Ni haki yako. Hukuidai mwaka huu, wala miaka miwili iliyopita, na bado hujachelewa. Ukijumlisha na kodi waliyokukata kwenye mshahara, unarudishiwa dola elfu moja mia tisa na kumi na mbili."

Mjomba alipauka. "Ka... di yangu."

"Kadi yako haiguswi. Pesa za kurudishiwa kodi hazihesabiwi kwa miezi kumi na miwili. Na iko akaunti maalumu ya watu kama wewe, ambao ulemavu uliwapata mapema. Humo unaweka akiba, na lile sharti haliigusi mpaka ifike maelfu kwa maelfu ya dola."

Lavonne alimgeukia Mjomba. Miaka yote ile ya feni na mablanketi! Kumbe njia ya kuweka akiba ilikuwapo, na hakuna aliyewaambia.

"Sasa tuandike hesabu ya ulichonacho leo, upeleke ofisi ya posho," alisema Bi Ernestine. "Benki una elfu moja mia tisa na hamsini. Pesa taslimu je? Mfukoni, kabatini, chini ya godoro?"

"Ha... kuna," alijibu Mjomba kwa uhakika.

Akapewa kalamu atie sahihi kwamba yote ni kweli. Kalamu ilitetemeka, akaishika kwa mikono miwili, akaanza herufi ya kwanza. Lavonne alimtazama mtu huyu ambaye hakuwahi kumdanganya hata mtoto, akihangaika kuandika jina lake chini ya uongo wa mwingine.

"Mjomba, ngoja!" Machozi yalikuwa yameshamlengalenga. "Sikuagiza mashuka. Zile mia mbili ziko ndani ya soksi, nyumbani. Niliona uchungu kuzitupa."

Mjomba aliweka kalamu chini taratibu.

"Mwizi... wa mashuka," alisema mwishowe, akamshika mkono.

"Nisikilize, Lavonne," alisema Bi Ernestine. "Huruma yako ilikuwa njema, ila ulikosea njia. Ingefika tarehe mosi, mia mbili zile zingemvusha kiwango, naye angeonekana mwongo kwa jambo asilolijua. Pesa ya jasho haihitaji kufichwa. Inahitaji mtu aulize, mpaka apate njia ya haki. Jumatatu zipeleke benki, ziende kwenye akaunti yake mpya kabla mwezi haujaisha. Umesema kweli kwa wakati wake, na hilo limemwokoa."

"Ndiyo, mama," Lavonne alijibu, akijifuta kwa mkono wa koti.

Vidole vya Bi Ernestine vikarudi kwenye nukta. "Fomu ya akaunti hii inauliza unaweka akiba kwa ajili ya nini, Bwana Thaddeus."

"Anataka televisheni kubwa," Lavonne alidakia, kama alivyozoea kumsemea.

"Sikukuuliza wewe, mwanangu."

Wakangoja. Saa ya ukutani iligonga, mtu akakohoa kwenye foleni. Bi Ernestine hakumharakisha. Lavonne aligundua kwamba katika miaka yake kumi na miwili hakuwahi kumngoja Mjomba mpaka mwisho wa sentensi. Mjomba alivuta pumzi, shingo ikamkaza, na uso wake ukang'aa kuliko alivyopata kumwona.

"Nataka nyumba... yangu," alisema. "Mgeni... agonge. Nami... nika... mfungulie... mwenyewe."